Gasto na Damu ya Kuteleza

Gasto wa Mtinko amepiga ngoma ya kwaya miaka thelathini, na katika miaka hiyo amefukuza waimbaji kumi na mmoja kwa kosa moja tu: kukosa mapigo. Basi hospitalini, muuguzi Dina alipomwamkia shikamoo, akamshika mkono, kisha akasema, "Baba, moyo wako unapiga ovyo," Gasto aliona heri angeitwa mwizi.

"Moyo wangu mimi? Umesikiliza vizuri, binti?"

"Unaruka, unasita, unakimbia. Damu inatuama humo, inaganda. Bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Ngoma utapiga kwa meno."

Akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande. Kila baada ya wiki mbili apimwe. Namba ya kipimo, inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, iwe kati ya mbili na tatu. "Na mboga za majani," Dina akaongeza, "usibadilishe kiasi."

Gasto alisikia "mboga". Mengine akayatunga njiani. Damu isigande, maana yake iteleze. Na kuna kitu kinachoteleza kuliko mlenda? Akamwagiza mkewe, Dorika, mlenda asubuhi, mchana na jioni. Alikula mpaka kuku wakawa wanamfuata kwa ajili ya mlenda uliodondokea shati lake, huku akiwahubiria majirani kwamba madaktari wamechelewa kujua alichokijua bibi yake.

Kipimo kikasoma moja na kidogo: damu bado inaganda upesi. Dina akaongeza dawa. Gasto akaongeza mlenda.

Jumapili, katikati ya wimbo wa sadaka, kirungu cha ngoma kikamdondoka. Mkono wa kulia ukalala pajani kama wa mtu mwingine. Waumini wakadhani Roho ameshuka. Mama mmoja akapiga vigelegele. Dorika peke yake ndiye aliyeuona mdomo umepinda. Akamkokota hadi hospitali.

Walipofika, mkono ulikuwa umeanza kurudi.

"Baba, unakula nini?" Dina akauliza.

"Mlenda, mwanangu, kutwa mara tatu," Dorika akamchongea. "Eti damu iteleze."

Dina akashika kichwa. "Majani hayo yanaishinda dawa nguvu! Mimi nazuia, wewe unagandisha! Sikukukataza mboga, baba. Upawa mmoja kwa siku, uleule. Na dozi tunaipanga upya."

Gasto, mwenye jibu la kila kitu, alikuwa anakunja vidole kimoja kimoja, kuhakikisha vyote vipo.

"Upawa wa ukubwa gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ninaoushika mimi," akasema Dorika.

Siku hizi namba yake ni mbili na nusu. Moyo bado unakosa mapigo, lakini huo hawezi kuufukuza kwenye kwaya.