Gaudiosa na Wasomaji Kumi na Wawili

Gaudiosa ni mtu wa Bukoba, ana miaka hamsini na mbili, na kwa miaka kumi na sita amekuwa akiwanunulia watu bidhaa hapa Guangzhou. Ofisi yake ni chumba kimoja mtaa wa Sanyuanli. Sisi wengine wa kazi hii tunawabembeleza wateja. Yeye huwakaripia, nao hurudi, kwa kuwa hajawahi kumpelekea mtu kitu asichokiagiza. Mumewe Eliudi, aliyekuwa akimfungia mizigo, alifariki hapa mwaka ule wa korona, mipaka ilipofungwa. Mwili wake ulichomwa huku huku, na wiki iliyofuata Gaudiosa alikuwa sokoni. Liliniudhi jambo hilo. Nilimwona mkavu.

Mwaka huu Mwalimu Mikaeli, mstaafu anayefungua maktaba Bukoba, alimwagiza picha kubwa ya rangi ya mafuta. Mfano aliupiga kwa simu kutoka kitabu cha zamani: chama cha wapenda vitabu wa Ulaya, karne ya kumi na tisa, wanaume kumi na wawili wenye ndevu na makoti marefu. Mmoja anasoma kwa sauti, kumi na mmoja wamemgeukia. Mwalimu alitaka watoto waone watu wazima wametulia wakisomewa.

Gaudiosa akautuma mfano kwa mchoraji mmoja mzee, ng'ambo ya mto, anayenakili picha za kupamba hoteli. Sasa, mafundi wa huku wana desturi, na ni Gaudiosa aliyetufundisha: picha ya pili ni marekebisho ya ile ya kwanza. Lakini mganga hajigangi. Dakika kumi baadaye alimtumia mchoraji huyo huyo picha ya jumuiya yetu ya sala, ya miaka ya kabla ya msiba, akidhani anamtumia Goodness wa kwaya. Hakuangalia jina. Nasi pichani tulikuwa kumi na wawili.

Siku tatu kabla ya kontena kufungwa bandarini Huangpu, nilimsindikiza kuichukua. Mchoraji alipoondoa shuka nilicheka mpaka nikashika meza. Nilikuwa nimevaa kizibao na tai ya kipepeo, mimi Samwel, ambaye kusoma kwangu kunaishia kwenye bei! Goodness alikuwa na kola ngumu mpaka masikioni. Na aliyeshika kitabu alikuwa Eliudi.

Gaudiosa hakucheka.

"Laoban, hii siyo," alisema. Ndivyo tunavyomwita huku kila mwenye duka au karakana.

Mchoraji akamwonyesha simu: picha ya kwanza, picha ya pili. Hakuwa na kosa. Kwa simu hiyo hiyo, inayotafsiri, akasema picha mpya haitawahi kontena, ila anaweza kukwangua nyuso zetu na kuwarudisha wazungu kwa rangi inayokauka upesi. Gaudiosa akaitikia kwa kichwa.

Mzee akachukua kisu, akaanza na mimi. Sikupendezwa, nasema kweli. Akamkwangua Goodness, akawakwangua wengine, akabaki Eliudi. Kisu kilipomkaribia shavuni, Gaudiosa akamshika mzee mkono.

"Buyao," akasema, neno letu la sokoni la kukataa. "Huyo mwache."

Siku ya pili yake wazungu kumi na mmoja wenye ndevu walikuwa wamerudi, wote wamemgeukia Mhaya mmoja mwenye kitabu. Gaudiosa akampigia Mwalimu simu ya video.

"Shikamoo, Mwalimu. Oda yako nimeiharibu. Iangalie kabla haijapanda kontena."

"Marahaba. Huyu anayesoma ni nani?"

"Mume wangu, marehemu. Ukimkataa, nitakuchoreshea nyingine, hii nibaki nayo. Kumfuta siwezi."

Mwalimu akasogeza uso karibu na simu. "Alipenda sana vitabu?"

"Hapana, Mwalimu. Hakujua kusoma. Kwenye jumuiya alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo, mimi ninamnong'oneza mistari."

Nilikaa benchi moja na Eliudi miaka saba, wala sikujua. Gaudiosa alikuwa akilia waziwazi, na mimi nikaona aibu kwa yote niliyowahi kumfikiria.

"Mlete, mama," Mwalimu akasema. "Ukuta upo."