Viti vya Uwanja Uliobomolewa

Mume wangu aliponiambia anasubiri mzigo kutoka Marekani, nilidhani ni vitabu vyake vya chuo. Wachukuzi wakapandisha ngazi viti viwili vya mbao, rangi ya kijani imebanduka, vimeunganishwa kwa chuma chenye kutu. Vilitoka kwenye uwanja wa timu ya besiboli aliyoipenda tangu alipokuwa mwanafunzi huko. Uwanja ulikuwa umebomolewa, mashabiki wakauziwa viti, na yeye aliomba hivi hasa, kwa namba zilizoandikwa juu yake. Wakati huohuo hapa Wembley, hatua chache kutoka kwenye fleti yetu, walikuwa wanabomoa uwanja wa mpira unaojulikana dunia nzima, naye hakwenda hata kuchungulia.

Kabati langu la vyombo likahamia chumbani ili viti vipate nafasi. Kila Jumapili jioni alikaa kwenye kiti cha kushoto, akafungua kompyuta na kusikiliza timu yake ikicheza mchana wa huko. Cha kulia hakikukaliwa na mtu.

Timu hiyo niliijua kuliko ukoo wa mama mkwe. Ilianzishwa na wafanyakazi wa reli. Uwanja wake ulibanwa kati ya barabara na kiwanda cha mikate, kwa hiyo upande mmoja uzio ulikuwa karibu mno, na hata mpigaji mnyonge aliweza kuupiga mpira kwa gongo lake ukatua barabarani. Alikuwapo mrushaji wa mkono wa kushoto aliyeunong'oneza mpira kabla ya kuurusha, na mdakaji mwenye vidole vilivyopinda kwa kuvunjika, aliyekataa kuhamia timu tajiri. Mume wangu aliyasimulia hayo kwa sauti laini ambayo mimi sikuisikia hata siku ya posa.

Siku moja shoga yangu, muuguzi anayeishi Woolwich, alikuja kututembelea akajitupa kwenye kiti cha kulia.

"Shemeji, njoo ukae kwenye sofa," mume wangu alimwambia. "Hapo utachafua nguo."

"Aa, mi nguo zangu za kufulia kwenye machine tu, sijali!"

Mume wangu akabaki amesimama mbele yake mpaka alipohama. Jikoni, shoga yangu akaninong'oneza, "Mwenzangu, hapo pana mwenyewe."

Alipoondoka tu nikamuuliza mume wangu ni nani alikuwa akikaa naye kwenye viti vile. Hakuzunguka.

"Dada mmoja tuliyesoma naye. Ndiye aliyenifundisha besiboli. Ni zamani, mama watoto."

"Zamani gani hiyo inayoletwa kwa meli?"

Wivu ukanishika. Nilielewa kwamba mrushaji, mdakaji, harufu ya mikate, vyote vilitoka kinywani mwa yule mwanamke, na mimi kwa miaka nimekuwa nikivisikiliza nikimenya viazi. Tangu siku hiyo kiti cha kulia nikakiita mke mwenza. Nikifuta vumbi nakiruka. Wakati mwingine nilikigonga makusudi na mashine ya kufagilia.

Mwishowe, mume wangu akiwa kazini, nilimwita fundi, Mkongo wa ghorofa ya chini, akiondoe. Alipiga magoti, akapapasa chuma, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haiwezekane. Viko na muguu moya ya katikati. Ukikata hii, na ile ingine inaanguka."

Nikamshukuru, nikamnywesha chai, na hasira yangu ikabaki palepale.

Basi Jumapili iliyofuata nikaamua: kama hakitoki, nitakikalia mimi. Nilivaa gauni langu la harusini, nikapaka wanja, nikaenda kuketi kwenye kiti cha kulia. Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Akisema nihame, nahama na nyumba yote.

Hakusema nihame. Alinitazama, uso ukalainika, akapunguza sauti ya kompyuta. Nadhani alitaka kunituliza.

"Usiwe na wasiwasi," alisema. "Hapo ulipokaa ni pangu mimi. Yeye alikuwa anakaa hapa."

Akapapasa mbao chini ya kiwiko chake, pale alipokiegemeza kila Jumapili, kisha akaongeza sauti tena. Sikuinuka. Nilikaa na gauni langu mpaka mchezo ulipokwisha, mimi kwenye kiti cha mume wangu, naye kwenye kiti cha mke mwenzangu.