Gari la spoti analo, mwalo hautoi

Saa moja asubuhi jua limeshaanza kuuma, na Speciosa Ntirandekura hana muda wa salamu ndefu. Ameinamia kichanja cha wavu, mikono imelowa hadi viwikoni, anatandaza ndagala mbichi, dagaa wa ziwa hili, ili hata moja isilale juu ya mwenzake. Nyuma yake, hatua chache kutoka majini, limeegeshwa gari ambalo hukutegemea kulikuta kwenye mwalo wa Rumonge, ufuko wa boti za uvuvi upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika: Peugeot 504 ya milango miwili, pua ndefu, nyekundu iliyopauka, ya enzi ambazo yeye mwenyewe hajazaliwa.

Juu ya boneti ametandika gunia lililopasuliwa, na juu ya gunia kuna ndagala nyingine. Gari limetoka kununua ndagala Gitaza, kaskazini mwa hapa, alfajiri hii, injini bado ina moto, na moto huo haupotei bure.

"Ukipiga picha, piga na vichanja," anasema bila kuinua kichwa. "Watu wakiona gari peke yake watadhani nimetajirika."

Hajatajirika. Ana miaka thelathini na minane, watoto watatu na mgongo unaomsumbua kila masika. Ndagala huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, na mbalamwezi ikishapamba moto boti hukaa nchi kavu. Kwa hiyo wanawake wa mwalo huu wanahesabu maisha kwa giza, si kwa tarehe za ofisini. Giza zuri humlipia Speciosa ada za watoto wote. Giza moja likiharibika, mmoja anarudi kukaa nyumbani, na wote watatu wanajua zamu ni ya nani.

Giza lijalo ndilo lenye ugomvi.

Mwisho wa wiki moja ya giza hilo, wenye magari ya zamani kutoka Bujumbura wanakuja Rumonge kuyaonyesha kwa siku tatu. Ndani ya sherehe hiyo, wenye magari ya spoti wamepanga mkutano wao wenyewe: kusafiri kwa msafara kando ya ziwa, kupitia Muhuta, kisha kuegesha magari kwa mstari mmoja, pua zote zikitazama maji. Mahali walipopachagua ni hapa. Kwenye vichanja.

Na Speciosa, kwa bahati yake au kwa nuksi yake, yuko pande zote mbili. Ni mkaushaji wa ndagala, na ni mwenye gari la spoti.

*

Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, Tanzania. Aliporudi Burundi na wazazi wake alikuwa msichana mkubwa, na Kiswahili chake mpaka leo kina Kigoma ndani yake. Walikwenda moja kwa moja Nyanza-Lac, kwenye shamba la michikichi ambalo baba yake alilisimulia kambini mpaka watoto wakalijua mti kwa mti.

"Tulilikuta lina watu," anasema. "Watu wazuri tu, nao walikuwa na watoto. Tukaambiwa tusubiri. Baba akasubiri mpaka akafa. Kwa hiyo mtu akija leo akaniambia nisogee kidogo, ni siku tatu tu, mimi nasikia sauti ile ile."

Nyanza-Lac haikumpa shamba, lakini ilimpa Peugeot. Gari lilikuwa limelala miaka mingi nyuma ya kinu cha mawese, limefunikwa makuti, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mwenye kinu alikuwa mzee mfanyabiashara aliyelipenda sana ujanani na sasa hana macho ya kuliendesha. Walikubaliana kwa ndagala: msimu mmoja mzima Speciosa alimpelekea magunia, mzee akauza, gari likabadilisha mwenyewe.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Mwanamke wa ndagala ananunua gari la milango miwili. Fundi Hamissi wa hapa Rumonge ndiye pekee ambaye hakucheka, labda kwa sababu alikuwa na shughuli ya kutoa mayai. Alilifufua polepole, akang'oa kiti cha nyuma, akaongeza nguvu za springi. Siku hizi gari lililoundwa kwa ajili ya wapenzi wawili na begi lao la nguo linabeba magunia yaliyojaa hadi kwenye dari na mwanamke mmoja mwenye haraka.

Haraka ina sababu. Ndagala mbichi haimsubiri mtu, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo mzigo wote unakuwa mbolea. Anayefika kwanza kwenye boti anachagua, anayefika mwisho anaokota. Lakini Speciosa hataki kujificha nyuma ya biashara.

"Nasema ukweli, napenda mbio," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anasimama wima. "Barabara ikiwa tupu na mafuta yakiwepo, nikikanyaga, nasahau mgongo. Nasahau na ada. Wanaume wanapenda magari wanaitwa wapenda magari. Mimi nikipenda naitwa mwenda wazimu. Basi, wacha niwe."

*

Alipata mwaliko kwa sababu ya picha. Msafiri mmoja aliipiga Peugeot barabarani, ikazunguka kwenye simu za watu, na siku chache baadaye akapigiwa na Melkiades, mfanyabiashara wa vipuri mjini Bujumbura na mwenyekiti wa kamati ya wenye magari ya spoti. Walikuwa wanakutana Jumapili kwenye bustani ya hoteli moja hapa Rumonge kupanga mambo. Aje, na gari aje nalo.

Jumamosi yote alisugua gari kwa ndimu na majivu. Généreuse, jirani yake wa kichanja, mzaliwa wa Fizi upande wa Kongo, ambaye hapa wanamwita Mama Aksanti, alimsaidia kufua mazulia. Harufu ilipungua. Haikuisha. Harufu ya ndagala haina adabu, ukiitoa mlangoni inaingilia dirishani.

"Sikujali," Speciosa anakumbuka. "Nilikuwa na furaha kama mtoto wa Krismasi. Miaka yote natembea na gari hili peke yangu, watu wananizomea. Siku ile nikakuta wengine wenye wazimu kama wangu."

Walimpokea vizuri, hilo halikatai. Walilizunguka gari, wakapiga magoti kutazama chini, mmoja akaomba kuwasha injini aisikilize tu. Kuhusu kiti cha nyuma walisikitika, kuhusu harufu walitania, naye akatania. Kisha Melkiades akasema Peugeot hiyo ndiyo itakayoongoza msafara kuingia Rumonge, kwa kuwa ndiyo ya mwenyeji. Speciosa anasema hapo alitaka kulia.

Ndipo Melkiades akaeleza mpangilio wa jioni. Magari yatapangwa mwaloni, viti vitawekwa, na wageni watatazama boti zikitoka na taa zao, mamia ya taa, ziwa lote linawaka mpaka unadhani kuna mji upande wa pili. Ni kweli zinapendeza. Hata anayeandika haya ameshawahi kusimama barabarani akasahau safari kwa ajili ya taa hizo.

"Na vichanja?" Speciosa aliuliza.

Akajibiwa kwamba vitaondolewa, siku tatu tu, kisha vitarudi. Akina mama watapewa kitu cha soda, yaani pesa kidogo. Yeye, kwa kuwa anaheshimiwa, ndiye atakayezungumza nao.

Speciosa akawaomba jambo moja. Wasogeze sherehe mbele, iangukie mbalamwezi. Siku hizo boti zinalala, vichanja viko tupu, akina mama wenyewe watavibeba na kufagia mchanga, wageni waegeshe watakavyo. Alidhani labda wageni hawa hawajui mambo ya giza na mbalamwezi. Melkiades anajua sana. Amezaliwa na kukulia Rumonge, mama yake mzazi alikausha ndagala.

"Mama, mbalamwezi haiko na taa," alimjibu kwa upole, kwa Kiswahili cha huku ambacho 'wa' mara nyingi huwa 'ba'. "Wageni wanakuja juu ya taa. Bila taa tutabaonyesha nini?"

Hapo, anasema Speciosa, aliweka chupa ya soda mezani.

"Niliwaambia: mnataka taa, hamtaki ndagala. Hizo taa mnadhani zinawashwa kwa ajili ya nani? Wavuvi wanakesha kwa sababu asubuhi kuna mtu wa kununua na mahali pa kuanika. Ondoeni vichanja, halafu mtazame hizo taa zitawaka siku ngapi."

Alisimama, akaaga kila mtu kwa mkono kama alivyofundishwa, akawasha gari akaondoka. Nyumbani alikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuwaambia watoto kwamba huenda mama hataongoza msafara.

*

Mtu wa mbali atauliza kwa nini wasihamie pembeni. Pembeni hakuna. Ziwa limepanda miaka hii, limekula nyumba, limekula michikichi, limekula nusu ya mwalo. Wanawake arobaini hivi waliokuwa wakianika kwa nafasi sasa wanaanika bega kwa bega, na kila kichanja kina mwenyewe anayejulikana.

Mama Aksanti anasikiliza mazungumzo yetu huku akifukuza kunguru kwa kitambaa. Anapoulizwa maoni yake hapunguzi sauti.

"Miye nilikimbia vita kwetu," anasema. "Nikafika hapa, nikakimbia maji. Nyumba yangu ya kwanza iko mu ziwa mpaka leo, samaki ndio banalala mule. Sasa banataka nikimbie na motoka? Motoka ya kutembea tu? Apana. Bakuje. Batanikuta nimekaa."

Baadhi ya akina mama walikuwa tayari kuchukua kitu cha soda. Si jambo la kuwacheka, maana njaa haina heshima. Lakini Speciosa alipita kwao mmoja mmoja, na alichowaambia ni kifupi: alisimulia habari ya shamba la Nyanza-Lac. Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia soda tena.

Simu yake inalia saa tatu kasoro. Mikono yake imejaa magamba, kwa hiyo Mama Aksanti anaibonyeza na kuishika hewani, na sisi sote tunasikia.

"Madamu Speciosa, amahoro," ni sauti ya Melkiades ikimsalimu kwa Kirundi. "Nakupigia tena juu ya ile mambo. Tumekaa na komite. Tunabaachia nusu. Nusu ya mwalo iko yenu, nusu iko ya magari. Kuanzia Ijumaa mpaka dimanshi."

"Amahoro, Mzee Melkiades. Nusu ipi? Hii yangu nikikupa, nimekupa changu. Ile ya Mama Aksanti nitakupaje?"

"Mutajipanga ninyi kwa ninyi."

"Tumeshajipanga. Ndivyo tulivyo hivi unavyotuona kila siku. Njoo mbalamwezi, nitakufagilia mwenyewe."

Kwa mbali, upande wa pili wa simu, mtu anapiga honi.

"Mama, usikatale vile," anasema Melkiades, na inasikika kwamba naye hapendi anachotaka kusema. "Gari yako ni nzuri. Batu bote banaiuliza. Lakini kama mwalo hapana, gari nayo itatoka mu programu."

Speciosa anatazama ziwa. Mama Aksanti anamtazama yeye.

"Itoeni," anasema. "Murakoze, asanteni kwa kunialika."

Simu inakatwa. Anageuza ndagala, safu moja, safu ya pili, kisha anajifuta uso kwa bega na hajifichi. "Inauma," anasema. "Andika kwamba inauma, usiandike kwamba mimi ni chuma. Nililitaka lile jambo. Nilishamwambia mwanangu Clever atakaa kiti cha mbele."

*

Kwa hiyo wenye magari watakuja, na mpaka makala haya yanakwenda mitamboni kamati haijasema itaegesha wapi. Speciosa amesema atakapokuwa. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya giza lijalo, kuanzia alfajiri, wanawake wote watakuwa kwenye vichanja vyao na Peugeot itakuwa pale pale ilipo leo. Hatafunga njia. Hatamtukana mtu. Atakayetaka kuegesha juu ya ndagala atalazimika kwanza kuomba zisogezwe, moja moja, kwa mwenyewe wa kila kichanja.

Na mwaliko wake wa mbalamwezi haujafutwa. Wawili kati ya wale wenye magari wameshampigia kwa siri kuuliza tarehe. Amewajibu kwamba tarehe iko angani, watazame.

Jua likiwa limepanda vya kutosha, anaanza kupakia magunia makavu ya jana. Ana soko Nyanza-Lac. Anasukuma gunia la mwisho kwa goti, mlango unagoma, anaupiga teke unakubali. Ninamuuliza kama ana neno la mwisho kwa Melkiades na wenzake.

Anaketi, anafunga mkanda, anafikiri.

"Waambie kabla hujafika Nyanza-Lac kuna kipande cha barabara kilichonyooka, michikichi huku na huku. Wakija mbalamwezi, tukimaliza kula, nataka nikutane nao pale kwa mbio. Gari moja baada ya jingine." Anawasha injini, nayo inaitika mara ya kwanza. "Na mimi nitakuja na mzigo."