Gunia Zito la Peleti

Nilisikia kikohozi kabla sijaona kitu. Kikavu, kinakatika, kinaanza upya. Nilipokimbilia jikoni moshi ulinipiga usoni, na ndani yake alikuwa mama mkwe wangu, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mkosaji ni mimi. Acha niseme yote kabla sijaogopa tena.

Mama alitoka Keringet kuja kwetu Dundori kwa sababu ya kifua. Daktari alimkataza moshi wa kuni. Mimi ndiye niliyempigia simu: "Njoo, Mama. Nimepata jiko la peleti, halina moshi!" Na kweli, gunia la kwanza liliwaka safi. Mama akalala usiku kucha. Nikajiona shujaa!

Lilipoisha, nilishuka Nakuru kununua mengine. Mnunuzi mmoja dukani akaniambia, "Vunja moja kwanza usikie, dada." Peleti ni vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, kizuri hukatika kwa mlio. Nikamcheka. Nimekulia kwenye viazi mimi! Kwetu gunia zito ndilo gunia. Niliinua moja, likanilemea, nikabeba magunia ya msimu mzima.

Uzito ule ulikuwa unyevu.

Jioni ile ile nilivunja moja. Ilimomonyoka kimya kiganjani. Nilijua! Lakini mume wangu alipouliza, "Hizi ni zile zile kweli? Mbona zinafuka hivi?" nikamjibu, "Ni zile zile. Ni kifua cha mathe tu."

Ole wangu! Kuanzia hapo sikuwa na pa kutokea. Nikisema leo, atauliza jana nilinyamazia nini. Kila asubuhi nikawasha, madirisha yamefungwa kwa baridi, stoo imejaa magunia hadi darini, na Mama ameketi karibu na jiko akijipangusa macho.

"Labda ni mimi, binti yangu," alisema siku moja. "Kifua kimezeeka."

Nikamwacha ajilaumu!

Wewe unayesoma, usinunue peleti kwa mgongo. Vunja. Nusa. Tikisa gunia uone vumbi lililo chini. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utachekwa, maana kesho yake itabidi uongeze uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Mama aliamua kurudi Keringet, kwenye mafiga yake ya kuni. "Nikae hapa niwasumbue kwa nini?" Mume wangu akatangulia na begi, bila kunitazama.

Mama alinishika mashavu. "Asante kwa jiko, binti yangu. Ulinijali."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo yote, nakuapia, yalikuwepo!

Akajifunga leso, akatoka, kisha akaurudisha mlango taratibu nyuma yake, ili baridi isinipate.