Kafuri Ndani ya Mafuta ya Nazi

Saa nane na dakika ishirini mchana umeme ulikatika Ilala. Feni ya mama ilizunguka kidogo kwa uvivu, ikasimama. Siku hiyo nilikuwa nimefunga mapema kibanda changu cha nyuzi na zipu Kariakoo ili nije kumpikia, na nilikuwa bado sijavua viatu aliposema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, "Mgongo unaungua. Na miguu."

Haikuwa habari mpya. Tangu joto lilipoanza, ngozi yake ilikuwa ikiwaka. Kliniki walimpima, wakampa dawa ya kumeza na ya kupaka, wakasema kilichobaki ni umri na hali ya hewa. Usiku alilala vipande vipande. Asipolala yeye silali mimi, kwa sababu tunalala chumba kimoja, na asubuhi yake nampa zipu ya mto fundi aliyeomba ya suruali. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: alale usiku mzima.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, kwenye vitabu chakavu vinavyotandazwa chini kando ya barabara. Kimojawapo kilikuwa cha tiba ya Kihindi, Ayurveda, cha Kiingereza, hakina jalada, nami nilikisoma pole pole na kamusi pembeni. Kina sura nzima juu ya mafuta ya kupoza mwili. Kinasema ufuta unapasha, nazi inapoza. Kwenye nazi unachemshia majani ya mwarobaini na mizizi fulani inayonukia kama udongo uliolowa, na mwisho, mafuta yakishaepuliwa, unatia kafuri kidogo.

Mama ni mtu wa Lindi, kwenye mashamba ya ufuta. Nilipomwelezea alinitazama kwa huruma.

"Ufuta umenilea mpaka leo. Sasa ndio unaniunguza?"

"Kitabu ndivyo kinavyosema, mama."

"Hicho kitabu kimezaliwa wapi?"

Kesho yake niliwahi duka la dawa za asili pale Kariakoo, la mzee mmoja mwenye asili ya Uarabuni ambaye babu yake aliuza vitu hivyo hivyo kwenye chumba hicho hicho. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akapima mizizi na majani. Nilipotaja kafuri akaacha mizani.

"Inna lillahi. Nani tena, binti yangu?"

"Hakuna, mzee. Ni ya kutia kwenye mafuta ya kuchua."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akajishika kifua. "We dada! Mie nilikuwa nishatoa buku la rambirambi!"

Tulicheka. Nililipa nikaondoka, na maana ya kicheko kile haikunifikia. Nilikuwa nimechoka, na akili iliyochoka hushika maelekezo ikaacha mengine yote.

Mafuta niliyapika jioni kwa moto mdogo, nikayachuja kwa kitambaa, nikatia vidonge viwili vya kafuri, nikakoroga mpaka vikayeyuka. Yalitoka safi, ya rangi ya kijani hafifu. Nilitandika mkeka sakafuni, na juu yake shuka jeupe kuukuu, kwa kuwa doa la mafuta kwenye jeupe hutoka kwa dawa ya kufulia. Nikamlaza mama chali, nikamnyoosha miguu, nikamfunika kanga kutoka kifuani hadi magotini. Nikaanza na mkono wa kulia, kwa mazoea tu.

Nilipofika kwenye kiwiko nilihisi mkono wake umekuwa mgumu. Mama alikuwa akitazama dari.

"Na pamba umeleta?" akauliza.

Sikuelewa.

"Shuka jeupe. Umeanzia kulia. Kafuri. Nauliza pamba iko wapi, maana hapo imebaki hiyo tu."

Mama yangu ameosha maiti wa kike wa mitaa hii tangu mimi sijavunja ungo. Nimekua nikiinusa kafuri kwenye mikono ya baibui lake kila aliporudi msibani. Ndiyo ilikuwa ishara kwamba siku hiyo asiulizwe kitu. Katika watu wote wa Ilala, nilikuwa nimempelekea yeye.

"Mama, nisamehe. Nilifuata kitabu."

"Najua ulifuata. Nitolee. Nataka kuoga."

Alioga kwa ndoo nzima, akarudi kitandani, akanipa mgongo. Usiku ule hakulala, na siku mbili zilizofuata hakutaka niguse hata kifundo cha mguu wake. "Ngoja kwanza," alisema, "mikono yako bado inanukia." Niliiosha kwa ndimu, kwa sabuni, kwa majivu. Kuungua kwa ngozi kulibaki pale pale, ila sasa mama hakunielezea.

Siku ya tatu, nikiwa navaa kwenda kazini, alisema, "Kama lazima unipake, nipake kitu cha mtu aliye hai. Lete liwa."

Liwa ni sandali iliyosagwa, ile wanayosingwa mabibi harusi. Nilikitafuta kitabu nikaikuta: sandali, ubaridi wake ni mkubwa kuliko wa vyote. Ilikuwa kwenye ukurasa ule ule wa kafuri, mistari michache juu yake.

Yule mzee alinipimia liwa huku akitikisa kichwa. "Juzi msiba, leo harusi. Nyumba yenu haina siku ya kawaida?"

Mara hii nilichanganya liwa na mafuta matupu ya nazi. Nilitandika kanga nyekundu. Nilianzia kwenye unyayo wa kushoto, na mama akaona, akaguna, lakini hakutoa mguu. Nilipofika mgongoni alikuwa akinisimulia jinsi alivyosingwa yeye, na jinsi somo wake, aliyemfunda, alivyokuwa na mikono mizito kama ya mchanja kuni. Sentensi ikakatika katikati. Nilidhani anatafuta neno, kumbe amelala.

Alilala mpaka adhana ya alfajiri. Mimi sikulala sana. Nilikuwa nimezoea kumsikia akigeuka.

Asubuhi nilichukua yale mafuta ya kwanza, karibu chupa nzima, nikayamwaga kwenye mtaro wa nyuma. Mama aliniona pia nimeshika kipakiti cha kafuri iliyobaki.

"Hiyo usiitupe," alisema. "Iweke kabatini. Siku ikifika hutakuwa na nguvu za kwenda Kariakoo."

Nikaiweka, chini ya kanga zake mpya. Hivyo, ukitoa kafuri, ambayo haikupotea, hasara yangu ilikuwa shilingi elfu kumi na saba na mia tano.