Vijiwe katika Beseni la Bibi

Acha nianze na upumbavu wangu: nilirudisha mawe kwenye maharagwe ya Bibi. Bado naisikia ile sauti, tii, tii, tii, changarawe zikigonga beseni la bati mlangoni kwetu Rugenge. Bibi, mama yake mama, alikuwa ametoka kuyachambua punje kwa punje na kuweka vijiwe pembeni. Alipogeuza shingo, nikavimwaga vyote ndani. Akatazama, akasonya, akaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuliona beseni lile. Mara ya tatu niliwaita wenzangu waje kutazama bure. "Hii maharagwe iko na mawe," Bibi alituambia. "Muntu gani alichambua, iko na macho kweli?" Tukacheka mpaka tukalala chini.

Mama alinikuta. Fimbo ilikuwa tayari hewani, ila jirani yetu Mama Aziza, muuza chumvi, akamshika mkono na kumwonyesha jua. Lilikuwa limefika utosini na Bibi alikuwa bado ameketi, hajaenda popote. Huyu ndiye Bibi aliyepatwa na maradhi ya kusahau, aliyekuwa akitoka kila asubuhi kwenda shamba lake la Katogota, shamba aliloliacha kabla sijazaliwa, nasi tukimtafuta barabarani katikati ya malori. Mama Aziza aliokota vijiwe vyangu, akaviosha, akafunga vichache kwenye pindo la kitenge. Siku ya pili akamwita Bibi amsaidie maharagwe. Siku ya tatu akaitwa na mke wa fundi baiskeli. Wiki haikuisha, kila nyumba ya avenyu yetu ilikuwa na vijiwe vyake safi, na Bibi akipita mlango hadi mlango, kichwa juu, akilalamika kwamba bila yeye tungebaki vibogoyo wote.

Kisha bunduki zikaanza kulia huko bondeni, upande wa Katogota. Mtaa ukafunga mizigo kuelekea kusini. Bibi akang'ang'ania nguzo ya mlango: yeye anaenda shamba. Mama alimvuta, akambembeleza, akalia. Majirani walisimama na mizigo kichwani, hakuna aliyetutangulia. Ndipo nikachukua beseni, nikatia maharagwe na vijiwe, nikalitikisa.

"Bibi, Mama Aziza anataka kupikia wageni hii. Iko na mawe."

"Lete hapa, weye," akasema, akaiachia nguzo.

Nikarudi nyuma hatua moja. Akanifuata akinitukana. Nilipochoka, beseni likaenda kwa mke wa fundi, kisha kwa Mama Aziza, na ile tii tii ikamtembeza Bibi kando ya ziwa mpaka kwenye uwanja wa kanisa moja. Pale akaketi, akachambua, na maharagwe yakaingia sufuriani kwa ajili yetu sote.

Siku hizi tumerudi Rugenge. Mimi niko sekondari, na vidole vya Bibi havitofautishi tena punje na jiwe. Majirani bado humwita kwa zamu. Wao huchambua, yeye huwakosoa. Mgeni akiuliza nani aliyegundua dawa hiyo, sioni haya kujitaja. Hapo Mama hukumbusha watu chakula kile cha kanisani, nilipouma kitu kigumu nikashika shavu. Mama alinitazama, akaniongezea maharagwe, akasema:

"Mengine yote nimekusamehe. Hiyo jiwe moja, utafune."