Mbuzi wa Kuchungishwa

Watu wa Rubondo, makazi yetu ya wakimbizi, walinicheka nilipoanza kuwapa mbuzi vijana ambao kila mtu alikuwa anawafungia mlango. Mzee mmoja wa kanisa letu aliniuliza kama nimechoka na mali yangu. Nilimjibu kwamba mali ni yangu na uchovu ni wangu, yeye aombe tu. Mimi si mtu wa kubembeleza ninapojua jambo.

Na hili nililijua. Nilikuwa napeleka maharage Mbarara, kwa wake za askari kwenye kambi ya jeshi, na mmoja wao alikuwa muuguzi hospitalini, kwenye wodi walikoletwa vijana walioharibiwa na pombe, bangi na mairungi. Alikuwa Mnyankole, na kwa Mnyankole hakuna ugonjwa ambao ng'ombe hawezi kuugusa. Alikuwa akiwachukua vijana wake waliopata nafuu hadi kwenye zizi la jirani, wasugue ng'ombe, wakamue, wazoe mavi. Aliniambia kwa Kiswahili chao cha jeshi, "Mama, dawa inatoa sumu kwa damu tu. Asubuhi je? Hii mtoto asubuhi inaamka, hapana kitu inangojea yeye. Ng'ombe inangojea."

Nilimwambia sisi wakimbizi hatuna ng'ombe wenye pembe kama matao ya harusi, tuna mbuzi. Akacheka mpaka akaweka debe chini. "Basi patia yeye mbuzi!"

Kwetu Kivu ya Kusini jambo hilo lina taratibu zake. Unampa mtu mbuzi jike amchunge. Mtoto wa kwanza anarudi kwa mwenye mbuzi, wa pili ni wa mchungaji. Na mwenye mbuzi haendi kukagua. Anakaa kwake mpaka aitwe. Kwenda bila kuitwa ni kumwambia mwenzako mbele za watu kwamba ni mwizi. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusuka nywele.

Mbuzi wangu wa tatu nilimpa msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akiishi na shangazi yake karibu na kisima cha pampu. Alikuwa ametoka wodi ile ya Mbarara, mikono ikimtetemeka hata kikombe kikamwagika. Waragi, ile pombe kali ya pakiti, ilikuwa imemla. Shangazi alikuwa amesema wazi kwamba akirudia mara moja tu, atamfukuza, na sote tulijua akifukuzwa angeishia wapi.

Wiki za kwanza alimchukia yule mbuzi. Mbuzi alilia usiku, alikula kanga ya shangazi, alikata kamba. Lakini alitaka maji kabla ya jua kupanda, na foleni ya kisima haimngoji mlevi. Msichana akawa anaamka. Baada ya miezi miwili alikuwa ananuka mbuzi kutoka kichwani hadi miguuni, na shangazi alinung'unika kuhusu harufu hiyo huku akitabasamu. Mbuzi naye akashika mimba.

Kisha, mimba ikiwa ya miezi mitatu na nusu, siku ya soko jirani akanijia mbio. Amemwona msichana anamvuta mbuzi kwenye njia ya kwenda sokoni Ngarama. Siku ya soko! Sikuuliza la pili. Nilipanda pikipiki, nikasimama pale kisimani, na mbele ya wanawake wote na madumu yao nikapiga kelele kwamba nimeibiwa, kwamba mbuzi wangu sasa ni waragi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile nilijikwaa vyote viwili.

Alasiri akatokea, vumbi hadi magotini, mbuzi nyuma yake.

"Tumbo ilivimba," alisema. "Alikula majani ya mihogo. Nilienda Ngarama kwa munganga wa banyama, akamunywesha mafuta." Akawatazama wale wanawake, halafu mimi. "Mama, ulikuja kuangalia mbuzi ao ulikuja kuangalia mimi?"

Akanitia kamba mkononi, akaingia ndani kwa shangazi yake.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Niliogopa pia, kwa sababu ubavuni mwa kile kisima palikuwa na kibanda cha pombe, na sasa hakuna kitu ambacho kingemngoja asubuhi. Nilimfunga mbuzi kwenye nguzo yake palepale. Nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti ileile niliyopigia kelele, ili wale wale wasikie, "Nimekosa. Nimekuja bila kuitwa. Mtoto wa kwanza ni wako." Kisha nikaenda zangu.

Nilikaa kwangu. Nilizunguka njia ndefu kwenda kanisani nisipite pale. Muuguzi alinipigia simu: "Mgonjwa yetu iko aje?" Nikamwambia sijaitwa. Akadhani nimerukwa na akili.

Wiki ya sita, msichana akaja mwenyewe hadi uani kwangu, amefunga kitambaa safi. "Mama, mbuzi alizaa. Ninakuita."

Aliniwekea kiti, akanipa chai, na kikombe hakikumwagika hata tone. Watoto walikuwa wawili. Akambeba mmoja, jike mwenye doa jeupe, akaniwekea mapajani.

"Huyu ndiye alitoka wa kwanza. Ni wa kwako."

"Si nilisema ni wako?"

"Masikilizano ni masikilizano, Mama. Mimi sikukosa kitu, sitaki zawadi." Akamkuna mtoto yule nyuma ya masikio. "Lakini kuko kijana mumoja hapa nyuma, alitoka Mbarara juzi. Anatetemeka sana. Huyu mbuzi akiachishwa ziwa, umupatie yeye."

Nikakubali.

"Na Mama," alisema, akiniongezea chai, "usiende kule mpaka akuite."